Sinia la Mwenzangu

Niliolewa Masaki ya Kisarawe baada ya vita vya Wazungu kwisha, wakati sukari na mafuta ya taa bado vilikuwa vya kutafuta kwa kujuana. Nilitoka Kisarawe penyewe, jirani na boma la serikali, ambako baba yangu alikuwa na kiduka cha chumvi, viberiti na vitambaa. Kwetu hatukuwa na shamba la maana. Mama alikuwa na asubuhi nzima ya kupika, na alipika wali wa nazi ambao watu wa boma walikuwa wakiusifu mbele za watu. Mimi nilijifunza kwake. Nilipopelekwa kwa mume nilichukua sufuria mbili za shaba, mbuzi ya kukunia nazi, na kiburi changu.

Ua wa wakwe zangu ulikuwa na nyumba tatu. Ya kati ilikuwa ya baba mkwe na mama mkwe. Katika ya mkono wa kulia alikaa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, pamoja na mkewe. Ya kushoto ndiyo tuliyopewa sisi. Kila nyumba ilikuwa na jiko lake la makuti nyuma, lakini wanaume walikula pamoja. Wakishasali adhuhuri walikaa kwenye mkeka barazani kwa baba mkwe, yeye na wanawe wawili na mpita njia yeyote aliyewakuta. Kila mke alileta sinia lake limefunikwa kawa, akaliweka mbele ya wazee, akarudi nyuma. Tena baadaye ukaenda kuchukua sinia lako. Ukilichukua, unaona kwa macho yako watu wamekula nini na wameacha nini. Hakuna aliyekuficha.

Mke wa shemeji yangu alitoka Pangani ya Kibaha, kwa wakulima. Alikuwa mwembamba, mfupi kuliko mimi, mwenye maneno machache. Aliolewa pale miaka minne kabla yangu. Alfajiri tulikwenda shamba pamoja, na jua lilipoanza kuchoma migongo tulirudi pamoja, kila mmoja na mzigo wake kichwani. Tukifika uani ndipo tulipoachana. Mimi niliingia jikoni kwangu nikaanza kupuliza moto. Nikavunja nazi, nikakaa juu ya mbuzi, nikakuna. Nikiwa bado nakamua tui la kwanza, nasikia mlango wa mwenzangu unalia. Natoka kuchungulia, namwona anavuka ua na sinia.

Siku za mwanzo wanaume walinisubiri. Halafu siku moja nikamsikia baba mkwe, sauti yake ikitoka barazani hadi jikoni kwangu.

"Wa mkubwa kashaleta. Huyu mdogo tutamngoja mpaka lini? Bismillahi."

Nilipotoka na wali wangu walikuwa wananawa mikono. Kwa heshima wakala tonge mbili, tatu. Mume wangu aliendelea peke yake ili nisione haya, na nilijua tumbo lake limekwisha kujaa. Sinia langu lilirudi kama nilivyolipeleka, na kishimo kidogo pembeni. La mwenzangu lilikuwa limepanguswa mpaka maua yaliyochorwa chini yanaonekana.

"Wali wako mzuri, mwanangu," mama mkwe aliniambia tulipokaa kula sisi wanawake. "Ila watu walikuwa wamechoka na njaa."

Niliitika.

Yangekuwa hayo tu ningevumilia. Lakini jioni ile mume wangu, naye ni mtu mpole ambaye hakupenda kumsema mtu, alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa akaniambia, "Nazi mbili kila siku, na mchele wa kununua. Hatutafika mbali hivi. Mwenzako anapika vitu vya shambani, na watu wanakula."

"Basi nenda ukale kwake," nikamjibu.

"Si nakula kwake kila siku?" alisema, wala hakusema kwa ubaya. Alikuwa anasema kweli tu. Ile kweli ndiyo iliyonichoma.

Toka siku hiyo nilianza kumtazama yule mwanamke kwa jicho jingine. Nikaona jinsi anavyotembea, jinsi anavyofunga kanga, jinsi baba mkwe anavyomwitikia salamu. Akimwambia "Shikamoo, baba," mzee alijibu "Marahaba, mwanangu" kwa sauti ndefu. Mimi niliona jibu langu ni fupi. Huenda lilikuwa sawasawa. Mtu mwenye wivu hupima hata salamu.

Nikaamua kujua anapikaje. Sikumwuliza. Kumwuliza kungekuwa kumkubali. Siku moja tuliporudi shamba nikatua mzigo wangu, nikazunguka nyuma ya jiko lake na kuweka jicho kwenye upenyo wa makuti.

Moto wake haukuwa umezimika. Asubuhi, kabla ya kuondoka, alikuwa amefukia gogo katika majivu, na juu yake akaweka chungu cha kunde, mdomo wake umezibwa kwa jani la mgomba na kifuniko. Sisi tulipokuwa tunapalilia, kunde zilikuwa zinaiva zenyewe. Mihogo alikuwa ameimenya shambani wakati tulipokaa kivulini kupumzika, nami nilidhani hana la kufanya na mikono yake. Aliiosha kisimani tulipopita kuchota maji. Sasa aliikata vipande vidogo kama vidole, akaitia chungu cha pili, akakoka moto mkali. Hakukuwa na nazi. Alichukua kifuu kilichojaa unga wa korosho. Zilikuwa zile korosho ndogo ambazo mnunuzi alizikataa na sisi wengine tukawaachia kuku. Yeye alizikaanga na kuzibangua siku ya Ijumaa, akazitwanga, akaziweka. Akazikoroga kwa maji, zikawa tui zito, akamimina. Akakata embe bichi, vipande vitatu, akatia. Akafunua kile chungu cha kunde, akakiinamisha kuelekea mwangani, akakitazama kwa muda, akakirudisha.

Kisha akakaa kwenye kibao, akateka maji kwa kata, akaosha miguu yake.

Hicho ndicho kilichoniumiza kuliko vyote. Alikuwa na nafasi ya kuosha miguu! Akajipangusa, akabadili kanga, akatoka na sinia lake kama mtu ambaye hakukanyaga shamba tangu azaliwe. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya makuti na udongo mpaka magotini, moto wangu haujawashwa, na ndiyo kwanza muadhini anaanza.

Mwingine angekwenda kufanya alivyoona. Mimi nilikwenda kutafuta neno.

Vuli ile baba mkwe alikuwa akisumbuliwa na tumbo. Alikuwa ameapa hatii kinywani chakula kilicholala. Nilijua, wote tulijua. Siku ya pili baada ya kuchungulia nilikuwa natwanga makopa ya muhogo pamoja na mama mkwe, mchi wake ukipanda wangu unashuka, nikasema kama mtu anayesema jambo dogo.

"Mama, mimi sipendi kumsema mtu. Lakini kunde za mwenzangu ni za jana."

Mchi wake ulisimama. "Umeonaje?"

"Akirudi shamba chungu kimekwisha jaa kunde zilizoiva. Kunde gani zinaiva mtu hayupo? Anapika jioni, anazilaza, mchana anapasha."

Nilijua si kweli. Nilikuwa nimeona jivu, nimeona gogo. Maneno yalitoka laini, hata mwenyewe nilishangaa.

Mama mkwe akaendelea kutwanga. Kesho yake mchana baba mkwe hakupeleka mkono kwenye sinia la mwenzangu. Nilikuwa karibu, nyuma ya nguzo, nimejifanya naokota kuni.

"Baba, mbona huli?" shemeji yangu akamwuliza.

"Mimi kiporo sili. Tumbo langu mnalijua."

"Kiporo? Nani kaleta kiporo?"

Shemeji yangu akatazama sinia la mkewe, akainuka bila kunawa. Sauti zao nilizisikia kutoka jikoni kwao.

"Unamlisha baba yangu kiporo?"

"Sijawahi."

"Basi hizo kunde zinatoka wapi? Umeingia sasa hivi na chungu kimejaa."

"Zinaiva motoni tukiwa shamba."

"Zinajipika!" shemeji akasema, akacheka kicheko kibaya. "Kwetu kunde zinajipika."

Toka siku hiyo mwenzangu hakuleta sinia barazani. Alipika chakula chake na cha mumewe, wakala ndani kwao mlango umerudishwa. Shemeji naye kwa aibu akaacha kukaa mkekani.

Nilikuwa nimepata nilichotaka. Wanaume walisubiri sinia langu, na hapakuwa na jingine la kulipimia. Ajabu ni kwamba sikupata raha hata siku moja. Nazi zilikwisha, mchele ukawa wa kubembeleza. Baba mkwe alikaa na mwanawe mmoja, anatazama upande wa mkeka uliokuwa wazi. Na kila mchana, wakati mimi bado nakuna, harufu ya korosho ilitoka nyumba ya kulia ikavuka ua. Nilimwona mume wangu akiinua pua kidogo, halafu akijizuia. Nilikuwa nimemnyang'anya mwenzangu mkeka, na bado namwonea wivu harufu ya chungu chake.

Ikafika siku ya kumsaidia mzee kulima bonde lake. Wanaume kumi na kitu walikuja na majembe, majirani wa Masaki na wengine wa vijiji vya pembeni, na kama kawaida mwenye shamba huwalisha mchana. Mama mkwe akaniambia nipike mimi. Nikasema moyoni, leo wataona.

Mvua ilikuwa imenyesha na kuni zilikuwa mbichi. Moshi ulijaa jikoni mpaka machozi yakawa yananitiririka kabla sijapata sababu ya kulia. Nilikuna nazi hadi kidole kikachubuka. Nikatia mchele mwingi katika sufuria moja kubwa ya kuazima, kwa vile niliona aibu kupeleka vyungu viwili vidogo. Jua likapita utosini. Nikasikia wanaume wanarudi, majembe yanatupwa chini, maji yanatekwa. Nikafunua. Juu mchele ulikuwa mgumu kama ulivyotoka kwenye gunia, chini umeshika na kuungua. Harufu ya kuungua ilipanda mpaka kwenye makuti.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Alitazama sufuria, akanitazama mimi.

"Mama," nikamwambia, "tafadhali, mwite mwenzangu."

"Mwite mwenyewe. Wewe ndiye uliyemfungia mlango."

Sikujua alianza lini kunishuku. Sikuwa na wakati wa kuuliza. Nikavuka ua. Hatua kumi na mbili au kumi na tatu, wala sijawahi kutembea safari ndefu kama ile. Nilimkuta amekaa chini anamenya mihogo, kisu hakikusimama nilipoingia.

"Dada, hodi. Naomba unisaidie. Watu wamekaa na chakula kimeniharibikia."

"Mimi mpikaji wa kiporo?"

Nikapiga magoti pale pale kwenye maganda. "Ni mimi niliyesema."

"Najua," akasema. "Siku ile nilikiona kivuli chako kwenye makuti. Nilidhani umekuja kujifunza na unaona haya kuuliza. Nikakiinamisha chungu ili uone ndani vizuri."

Hata sasa, kwa uzee huu, nikikumbuka kile chungu kikiinama kuelekea mwangani, nasikia joto usoni.

Akamaliza kumenya muhogo aliokuwa nao mkononi. Akauweka pamoja na mingine. Kisha akasema, "Nitakuja. Lakini baba atasikia kwa mdomo wako. Si kwa mama, si kwa mumeo. Wewe."

"Nitasema."

"Leo."

"Leo, dada."

Akainuka. Alipofika jikoni kwangu hakunilaumu wala hakucheka. Aliuchota wali wa juu bila kugusa ule ulioungua, akaugawa kwenye vyungu vitatu, akatia maji ya moto kidogo kidogo, akaviweka kwenye mafiga yangu, yake na ya mama mkwe. Mihogo aliyokwisha kumenya akaikata mwenyewe, haraka, vile vidole vyake vidogo. Mama mkwe akatumwa kuchuma matembele, naye akaenda bila neno, mama mzima akitumwa na mkwe wake. Mimi nikaambiwa nitwange korosho. Nilizitwanga. Matembele yaliiva wanaume walipokuwa wanatawadha, na walipomaliza sala masinia manne yalikuwa mkekani, wali kidogo katikati, mihogo na mboga pembeni. Wakala. Mmoja wao akasema kwa sauti kuwa nyumba hii inajua kulisha watu. Nilikuwa na masizi mpaka kwenye nyusi, na mwenzangu alikuwa anaosha miguu.

Wageni walipoondoka nilimwendea baba mkwe. Mume wangu na shemeji walikuwa bado wamekaa. Nikapiga magoti pembeni ya mkeka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, kile kiporo hakikuwa kiporo. Nilisema uongo. Chakula cha mwenzangu hakijawahi kulala hata siku moja."

Shemeji yangu aliinama, akatazama viganja vyake.

"Umenifanya nimwonee mtoto wa watu," baba mkwe akasema. Akamwita mwenzangu. Akaja, akakaa chini mbali kidogo kama ilivyo adabu. Mzee akamwambia mbele yetu wote, "Mwanangu, nimekukosea. Unisamehe."

Sikuwahi kumwona mtu mzima akimwomba radhi mkwe wake. Mwenzangu alijifunika uso kwa kanga, ndipo nilipomsikia analia, yeye ambaye siku zote zile hakulia. Mimi mzee hakuniambia neno jingine. Kwa muda mrefu alinijibu salamu tu.

Mume wangu hakunipigia kelele. Tulipofika kwetu alisema, "Ungeniambia unataka kujua, ningemwomba akufundishe." Ningependa angenigombeza.

Mwenzangu alinifundisha, lakini si kwa upendo wa haraka. Kwa wiki kadhaa alikuwa akinielekeza kwa kidole zaidi kuliko kwa mdomo. Siku moja tu alisema maneno marefu. "Wewe ukirudi shamba ndiyo unaanza kupika. Mimi nikirudi namaliza. Hakuna kingine." Nikajifunza kufukia moto. Nikajifunza kumenya nikiwa nimekaa kivulini, kuchuma mlenda njiani nikirudi, maana mlenda kwa chembe ya magadi unaiva kabla ya ugali kusongwa. Niliacha kununua mchele kwa siku za kazi. Kipande cha papa mkavu, ambacho zamani nilikimaliza kwa mlo mmoja, nilikichambua na kukitia katika mboga za siku tatu. Na mara kwa mara niliosha miguu.

Ikaja siku sinia langu likatangulia barazani. Nilijificha nyuma ya nguzo, kawa bado mkononi, nikasikiliza. Baba mkwe alichovya, akatafuna, akachovya tena.

"Hiki cha mkubwa?"

"Hapana, baba," mume wangu akajibu, na nilisikia furaha katika sauti yake. "Cha mdogo."

"Alaa. Basi yule amefundisha vizuri."

Wote wakakubali kuwa amefundisha vizuri. Shemeji akamsifu mkewe, mume wangu naye akamsifu. Sinia ni langu, jasho ni langu, na jina lililokuwa linatajwa ni lake. Ule wivu niliodhani nimeuzika ukapanda mzima, mpya kabisa, nikasimama nao pale nyuma ya nguzo mpaka ukapungua. Safari hii sikwenda kumwambia mtu neno. Hilo ndilo pekee ninaloweza kujisifia.

Miaka michache baadaye shemeji alipata shamba la bondeni huko Janga, wakahama. Siku ya kuondoka mwenzangu aliniachia kinu chake kidogo cha korosho, tukashikana mikono, tukaambiana tutatembeleana. Tulitembeleana mara mbili. Baba mkwe akafa, mama mkwe akamfuata, mkeka wa barazani ukawa wa mume wangu na wageni wake. Watu waliotoka boma, na hata karani mmoja wa Kizaramo aliyezoea kupita na baiskeli, walikuwa wakikaa kula mchana na kuuliza, "Mama, chakula hiki cha haraka hivi na kitamu hivi, ulifundishwa na nani?"

Nilikuwa nawajibu kwamba nimefundishwa na mama yangu.

Nimesema hivyo kwa miaka mingi, kwa watu wengi, nikitabasamu. Mama yangu hakupika kunde kwa korosho hata siku moja katika maisha yake, wala hakujua kwamba gogo linaweza kulala katika jivu na kuivisha chungu mtu akiwa shamba. Aliyenifundisha ni mke wa shemeji yangu, mtoto wa Pangani ya Kibaha. Naandika hapa kwa kuwa kwa mdomo bado linanishinda.